Pembea Zilizobaki Meru Hadi Idi

Mtoto aliyekulia Mji wa Kale, Mombasa, huijua Idi kwa mambo matatu: takbira, harufu ya nguo mpya, na pembea za Makadara. Sala ikiisha na mikono ikiisha kupeanwa, uwanja ule hugeuka mji mwingine. Zipo pembea za kusukumwa kwa mkono, wapo farasi wa mbao wanaozunguka, wapo wauza mabuyu na achari, na watoto waliozibana sarafu za Idi viganjani hata zikapata joto. Nimeyatanguliza haya, dada zangu, kwa sababu hapa Meru, ambako naishi mwaka wa tisa sasa baada ya miaka miwili ya Embu, Idi haina mlio.

Si kwamba Waislamu hawapo. Majengo ya Meru, kama Majengo ya miji mingine mingi ya bara, ni mtaa wenye misikiti, madrasa na makaburi ya wazee waliokuja na biashara, wakaoa, wasirudi tena. Lakini ukitoka hatua mia mbili nje ya mtaa, siku ya Idi ni siku kama nyingine. Sokoni ndizi na viazi vinapakuliwa, matatu za Nkubu na Maua zinaita abiria, na adhuhuri ikipita watoto wetu huvua kanzu zao wakarudi kucheza mpira wa matambara. Binti yangu wa pili, aliyezaliwa huku huku, aliniuliza akiwa na miaka saba kama Idi ni pilau tu. Nilimjibu kwa maneno mengi ya madrasa, naye akanisikiliza kwa adabu. Niliona wazi kuwa hakuuliza habari za madrasa.

Ili msomaji asistaajabu na yatakayofuata, ni wajibu nieleze kuwa sisi kwetu hupenda pembea kama wengine wapendavyo kandanda. Kaka yangu aliyeko Mombasa hunipigia simu kila Idi kunieleza ipi imeletwa Makadara na ipi haikuonekana. Mdogo wetu aliyeko Dubai alituhadithia kwa miezi mingi habari za Ain Dubai, lile gurudumu la mita 250, kubwa kuliko yote duniani, lililofunguliwa Oktoba 2021, likafungwa Machi 2022, likasimama kimya hadi Desemba 2024. Kila mmoja wetu alikuwa na rai yake juu ya kimya kile. Rai yangu ni ya mama wa nyumbani tu: chombo kama kile kikisimama hula pesa kuliko kinapozunguka, kwa sababu walinzi, mafundi na kutu havipumziki.

Na katika pembea zote mimi ni mtu wa gurudumu. Viti vya minyororo vina raha yake, kwa namna vinavyomtupa mtu nje kadiri mhimili unavyozidi kasi, lakini raha ile ni ya tumbo. Vigari vya kugongana ni vya wavulana. Gurudumu humpandisha mtu taratibu, humsimamisha juu kwa muda mfupi ili wengine wapakiwe chini, na katika muda ule huona paa la nyumba yake mwenyewe. Wengi hudhani ni uvumbuzi wa Marekani, kwa kuwa Mhandisi George Ferris alijenga lake huko Chicago mwaka 1893, lenye urefu wa futi 264 na vyumba 36 vilivyoweza kuchukua watu 2,160 kwa pamoja. Lakini mwaka 1615, Mtaliano aitwaye Pietro Della Valle alikuwa Istanbul wakati wa sherehe za Ramadhani, akakuta gurudumu la mbao limejaa watu, akapanda, akafurahi mno kwa namna alivyopandishwa na kushushwa. Basi kitu hiki kilikuwa katika sherehe za Waislamu yapata miaka 280 kabla ya Ferris. Huyo Ferris naye hakustarehe na umaarufu wake: alifariki mwaka 1896, akiwa bado katika mizozo ya fedha iliyotokana na gurudumu lile, na mwaka 1906 likabomolewa kwa baruti.

Huku Meru na Embu, gurudumu huja mara moja tu kwa mwaka, na huja na ng'ombe. Nakusudia maonyesho ya kilimo ya ASK, jumuiya iliyoanza mwaka 1901 na ambayo maonyesho yake huzunguka Kenya nzima, mji baada ya mji, hata yakafika Mkomani kwetu Mombasa. Waliokwenda Mkomani wanajua jinsi yalivyo. Mbegu na matrekta huwa upande mmoja, mabanda ya kaunti na ya benki upande mwingine, na nyuma kabisa, karibu na ua, jenereta inanguruma na pembea zinazunguka. Siku za mwanzo ni za shule, watoto wakija kwa mabasi wakiwa wamevaa sare. Siku ya mwisho ni ya familia, na ndiyo siku ambayo mwenye pembea hupata au hukosa.

Katika miaka yangu ya Embu nilizoea kusimama pale nyuma hata wifi yangu akaniuliza kama nataka kuajiriwa. Nilikuwa nawatazama wafungaji. Gurudumu la kusafirishwa huja katika vipande juu ya lori. Kwanza huwekwa miguu, na chini ya kila mguu hupangwa vipande vya mbao hadi mizani ya fundi ioneshe kuwa pamelala sawa. Kisha mhimili, kisha mikono, kisha viti, na kila kiungo kina pini yake na kila pini ina kifungio chake kidogo cha waya mgumu kisichozidi kidole. Maisha ya mtoto yako yamo katika kile kifungio. Katika mji mmoja ambao sitautaja niliwahi kuona chuma cha kumzuia mtoto kitini kimefungwa kwa kamba ya katani, nikawashusha wanangu kwenye foleni bila ya kuomba radhi kwa mtu. Tangu siku ile sipandishi mtoto kabla ya kuzunguka chombo chote kwa miguu. Naomba akina mama mfanye hivyo hata kama mwenye chombo atanuna. Anayenuna mwacheni.

Hapo ndipo nilipofahamiana na mwenye pembea ambaye habari hii inamhusu, mzee wa makamo, mtu wa bara, Mkristo, mwenye maneno machache na mikono iliyojaa grisi. Aliniona nikikagua pini zake, akaja akasimama kando. Hakununa. Alinionyesha pini mbili alizozibadilisha asubuhi ile, kisha akanifundisha jambo ambalo sikulijua: gurudumu halipakiwi kwa kufuata viti vilivyo jirani. Ukijaza upande mmoja tu, uzito huvuta, na mota hulia ikipandisha kisha hukimbia ikishusha. Hupakiwa kiti kimoja, kisha kile kinachokielekea upande wa pili, hata uzito ukae sawa. Ndiyo maana husimama mara nyingi mwanzoni, na watu hulalamika kuwa wanacheleweshwa. Aliniambia pia kuwa jenereta ikizima ghafla, gurudumu lake huweza kuzungushwa kwa mkono hadi mtu wa mwisho ashuke, na kwamba yeye hanunui chombo kisichoweza hivyo.

Tulihamia Meru, na kila katikati ya mwaka nikawa namkuta tena pale pale, nyuma ya ng'ombe. Nilimwuliza mara moja kwa nini hakai, kwa nini mji mkubwa kama Meru usiwe na pembea za kudumu kama Zanzibar, ambako Mfuko wa Hifadhi ya Jamii una viwanja vya kufurahishia watoto, Kariakoo kwa Unguja na Tibirinzi kwa Pemba. Alicheka. Akasema serikali ikitaka kuweka akiba za wafanyakazi katika pembea ni kheri, lakini yeye hana akiba za mtu, ana deni la lori. Pembea ya kudumu hutaka watu kila wikendi. Meru mwezi wa Juni na Julai ni baridi na ukungu, Novemba ni mvua, Aprili ni mvua pia. Kinachomlisha ni umati ulioletwa na mwingine. Jumuiya ya maonyesho huwaita watu kwa mahindi na ng'ombe, naye hulipia kiwanja kidogo na kuwauzia watoto wao dakika nne za hewani. Umati ukitawanyika, yeye hupakia. Nakiri sikupata hoja ya kumjibu.

Basi juzijuzi, katika ile miaka ambayo Idi Kubwa ilikuwa imeingia mwezi wa Juni, ikatokea kuwa maonyesho ya Meru yanakwisha siku chache tu kabla ya Idi. Nililitia jambo hili katika kikao cha chama chetu cha akina mama wa Majengo. Tuko arobaini, tunachanga kila wiki, na fedha zile kwa kweli ni za maziko, za ada za shule na za anayejifungua. Nikasema: pembea zipo mjini, Idi inakuja, yule mzee abaki siku mbili.

Ubishi ulikuwa mkubwa. Bibi mmoja tunayemheshimu sote alisema tunataka kuigiza mambo ya barazani kwa watu ilhali Idi ni ibada. Hakumaanisha ubaya, amelea mayatima wengi kuliko sisi sote. Maalim wa madrasa ndiye aliyetutoa katika mkwamo, naye alinena kwa upole. Alitukumbusha Wahabeshi waliocheza kwa mikuki siku ya Idi msikitini Madina, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamsitiri Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi, ili apate kuwatazama hadi aridhike mwenyewe. Kisha akahadithia ile habari iliyopokelewa na Abu Daudi, ya upepo uliofunua pazia, Mtume akaona wanasesere wa Bibi Aisha na katikati yao farasi mwenye mabawa mawili ya kitambaa. Alipouliza farasi gani ana mabawa, Bibi Aisha akajibu kwa kuuliza kama hakusikia kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa. Mtume akacheka hadi magego yakaonekana. Bibi yetu alinyamaza kidogo, kisha akasema kama ni hivyo basi farasi waletwe, lakini lile gurudumu yeye halitazami.

Ugumu wa kweli ulikuwa fedha. Mwenye pembea alipiga hesabu mbele yetu bila ya karatasi. Alikuwa anangojewa kwingine, na kila siku ya kukawia ni mishahara ya vijana sita, dizeli ya jenereta, kodi ya uwanja na lori lililosimama. Akasema: nihakikishieni shilingi 45,000 kwa siku mbili, na zikizidi tutagawana ziada nusu kwa nusu. Kwenye maonyesho alikuwa akitoza 50. Tulimwomba 30, kwa sababu mama wa Majengo mwenye watoto watano hawezi 50 kwa kila mtoto na kwa kila pembea. Alikubali 30. Maana yake ilikuwa tiketi 1,500, na tusipoziuza, pengo litajazwa na fedha za maziko. Sikulala usiku ule. Katika wale arobaini yumo mjane ambaye mchango wake hutoka katika kufua nguo za watu, na shilingi zake zilikuwa ndani ya hesabu ile kama zangu.

Masharti mengine yalikuwa mepesi. Vipaza sauti vyake, vilivyozoea kupiga muziki hata ng'ombe wakasahau kula, vingepiga kasida tu, na vingenyamaza kwa adhana. Mashine ingesimama kila sala. Alasiri ya siku ya pili hadi magharibi ingekuwa ya wanawake na watoto wadogo, na vijana wake wawili tu wangebaki, mmoja kwenye mota na mmoja kwenye tiketi. Naye alikuwa na sharti lake moja, na hakulegeza hata kidogo: hakuna buibui wala leso inayopepea kwenye viti vya minyororo. Aliwahi kuona kitambaa kikidakwa na mnyororo na hakutaka kuona mara ya pili. Tulizungumza na kila mama, kila mmoja akaja na mshipi au leso ya kujifunga kiunoni juu ya buibui, na mitandio ikabanwa kwa pini. Shemeji yangu mmoja alisema tunafanana na wanamaji. Tulikuwa tunafanana nao kweli.

Siku ya Idi ukungu haukuondoka. Ulishuka kutoka mlimani ukageuka manyunyu, na viti vya gurudumu vikawa vinadondosha maji. Watoto walikuja, lakini mama gani atamweka mtoto mwenye kanzu mpya kwenye kiti kilicholowa? Vijana walipangusa kila kiti kwa tambara, tena na tena. Hadi jua kuzama tuliuza tiketi 610. Nilipiga hesabu mara tatu, na kila mara ilikuwa 18,300.

Siku ya pili mbingu zilifunguka. Asubuhi walikuja wetu. Saa kumi shule zilipowaachia wanafunzi, wakaja wasiokuwa wetu: watoto wa majirani, wengi wao wa makanisani, na mama zao, wakiuliza kama shoo imerudi. Binti yangu ndiye aliyekuwa mlangoni akiwajibu, na nilimsikia akisema siyo shoo, ni Idi yetu, lakini ingieni. Alisema "yetu" kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Ule muda wa wanawake ulilazimika kuchelewa kidogo kwa ajili ya wageni, na hakuna aliyelalamika. Jioni hesabu ya siku ile ilikuwa tiketi 1,140. Zote pamoja 1,750, shilingi 52,500. Tukalipa dhamana, tukagawana ziada, na chama kikaondoka na shilingi 3,750 ambazo hazikuwamo asubuhi. Bibi yetu alikuja kwa miguu baada ya alasiri, akakaa kwenye benchi kuelekea farasi, na gurudumu akalipa mgongo kama alivyoahidi.

Usiku ule walipakia kwa mwanga wa taa za lori. Mzee hakutaka kusafiri gizani, kwa sababu kutoka hapa hadi Embu barabara hushuka na kupanda mabonde ya mito mingi itokayo Mlima Kenya, na kona za daraja la Nithi zimekwisha kuua watu wengi. Alisema hampi chuma chake dereva asiyeijua Nithi. Aliondoka alfajiri.

Kabla ya kuondoka alinipa habari ambayo mwenyewe ningepaswa kuwa wa kwanza kumwambia yeye. Alikuwa ameuliza, akaelezwa kuwa miezi yetu hufuata mwandamo, na kwamba kila mwaka Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Maonyesho hayarudi nyuma. Mwaka unaofuata Idi itatangulia, na unaofuata itatangulia zaidi, ilhali pembea zake zitakuwa Nakuru au njiani. Idi hii kuangukia tena Juni ni mambo ya yapata miaka 33. Akanitazama akasema, "Mama, wakati huo wewe na mimi tutakuwa tunapandishwa bure." Kuleta lori makusudi kutoka mbali, kwa siku mbili, bila ya umati wa maonyesho kumlipia njia, hakuweza kukubali kwa 45,000, wala kwa mara mbili yake.

Chama kimekaa vikao viwili tangu hapo. Kikao cha kwanza kiliona tumwombe Mungu na tungoje. Cha pili, kilichokuwa na watu zaidi, kimekubali tutengeneze kitu chetu, kidogo, cha kusukumwa kwa mkono kama zile za Makadara za utotoni mwangu: farasi wanane juu ya duara moja, mhimili wa chuma, bila ya jenereta. Gurudumu tumeliacha, hatuna fundi tunayemwamini kwa pini zake. Yuko mchomeleaji hapa mjini aliyekubali kazi ya mhimili, na seremala wa Majengo atachonga farasi. Nimempelekea kaka yangu vipimo ili akavilinganishe na vya Makadara, naye amerudisha jibu kuwa mhimili tuliouchora ni mwembamba, tuuongeze unene kabla ya kukata chuma. Mjane wetu ameshika daftari la michango. Mpaka Ijumaa iliyopita tulikuwa tumefikia bei ya mbao, bado chuma na rangi.